Maneno elfu moja kila usiku na umeme wa yaka unaisha, nishike lipi?

Shangazi pole na kazi. Nasoma safu yako siku nyingi ila sijawahi kuandika, huwa naona shida zangu ni ndogo kuliko za wale wa ndoa na mashamba, sasa hii imenikaa kichwani mpaka nikasema heri niitoe.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja P2 mwingine nasari, tunaishi Malaba upande wa Uganda. Nafanya kazi kwa ofisi moja ya kuklia mizigo, yaani kuitoa forodhani, mimi ndo nashughulika na makaratasi ya trela zinazotoka Mombasa, kuingiza kwa kompyuta, kufuatilia kama zimeachiliwa, kupigiwa kelele na madereva huku na simu za wenye mali kutoka Kampala huku. Saa zangu hazitabiriki. Kuna wiki natoka saa kumi na moja jioni vizuri tu, kuna wiki mtandao ukilala foleni inarudi nyuma huko mbali na mimi natoka saa tatu usiku, na kuna siku nalala hapo hapo kwa kiti nimejifunika kitenge.

Tangu shule napenda kuandika. Kuna hadithi inanisumbua miaka sasa, ya taniboi mmoja, yule msaidizi wa dereva wa trela, na mwanamke anayeuza chakula mpakani, nataka iwe kitabu kabisa na iwe ya Kiswahili maana hapa kwetu hiyo ndo lugha tunayogombania na kupatania. Mume wangu alipojua akaninunulia laptopu sekondihendi kutoka Kampala, akasema haya sasa hauna kisingizio. Nilifurahi sana siku hiyo.

Mwezi wa kwanza rafiki yangu tuliyesoma naye akaniingiza kwa grupu ya WhatsApp ya watu wanaoandika, wengine wako Kampala, wengine Jinja, Mbale, mmoja Nairobi. Sheria ni kwamba kila mtu anaandika maneno elfu moja kila siku, ikifika saa nne usiku unatuma skrinshoti ya hesabu. Usipofika, kilichobaki ni deni, unakilipa kesho juu ya elfu ya kesho. Ukikosa mara tatu kwa wiki admin anakuweka kwa listi ya "wagonjwa", ni utani najua, lakini jina linakaa pale na watu wote wanaona. Admin anasema vumilieni siku 21 tu, baada ya hapo mwili wenyewe unazoea hauhitaji kusukumwa.

Mwanzoni ilienda poa kwa sababu mizigo ilikuwa michache. Zile siku 21 zikapita na mwili haukuzoea chochote. Sasa nikitoka kazini napika, nakagua homwek ya huyu wa P2, nawalaza, saa tatu na nusu ndo nafungua laptopu macho yamechoka, na kile kinusu saa kilichobaki najaza tu. Kweli najaza. Naeleza barabara, naeleza mawingu, taniboi anaamka ananawa uso. Juzi nikarudi kusoma nikakuta mtu amekunywa chai mara mbili kwa ukurasa mmoja na hakuna kitu amefanya katikati. Hesabu inafika lakini hadithi imesimama palepale kama trela isiyo na karatasi. Na siku za deni nakesha mpaka saa saba. Rafiki yangu yeye anatuma elfu moja na mia tano, elfu mbili, na emoji za moto. Yeye hana mtoto, lakini kwa grupu kuna mama wa watatu naye anafika kila siku, kwa hiyo siwezi kusingizia watoto.

Nyumbani nako mume ameanza. Mara ni yaka, ati yuniti zinaisha haraka kwa sababu taa ya sebuleni inawaka usiku mzima. Mara ati nimekuwa mkali kwa watoto ikishafika saa tatu. Halafu wiki iliyopita usiku akasimama mlangoni akasema, hiki kitu kikianza kuleta pesa utakifanya, kwa sasa kipumzike watoto wakue kwanza. Iliniuma. Sikumjibu mpaka leo.

Kitu kingine sijui kama kina maana. Ofisini nina kijitabu cha kuandikia namba za magari. Kukiwa kimya huwa naandika nyuma yake maneno ya madereva. Kuna mmoja aliniambia, "Mama, huu ni usiku wa tatu nalala hapa, mke wangu anajua niko barabarani lakini hajui ni barabara gani." Nikaandika hapo hapo. Lakini hizo si za kuhesabu, ziko kwa mkono na grupu inataka skrinshoti.

Sasa shangazi nivumilie na elfu yangu mpaka mwili uzoee? Au nitoke, na rafiki yangu aone nimemwaibisha maana yeye ndo aliniingiza? Au mume wangu anasema ukweli kwamba mtu wa kazi kama yangu na watoto wadogo aache kwanza? Nikiacha sasa naogopa sitarudi, najijua. Nisipoacha naogopa nitachukia kitu nilichokipenda tangu utotoni.

Mama wa Malaba

*

Mama wa Malaba, asante kwa kuandika, na pole sana bambi. Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeniuliza maswali matatu, la elfu, la rafiki na la mume, na nikisoma naona kama unatumaini kwamba ukipata jibu la moja hayo mengine yatajimaliza. Sidhani. Ukipunguza maneno, rafiki bado yupo na listi ya wagonjwa bado ipo. Ukitoka kwa grupu, mume bado amesimama mlangoni na maneno yake na wewe bado haujamjibu. Ngoja niyaachanishe, na njiani nitakuuliza maswali mengi kuliko nitakayojibu, univumilie.

Tuanze na hizo siku 21 maana zimekufanya uone mwili wako una kasoro. Hiyo namba ilienezwa na daktari mmoja wa Marekani, Maxwell Maltz, alikuwa anafanya upasuaji wa kurekebisha sura za watu, na katika kitabu cha mwaka 1960 akasema wagonjwa wake walihitaji kama siku 21, na hapo alikuwa anasema angalau, kuzoea sura mpya kwenye kioo. Ilihusu uso wa mtu, haikuhusu kuandika usiku umechoka. Baadaye watafiti wa chuo kikuu cha University College London wakiongozwa na Phillippa Lally walifuatilia watu 96, kila mmoja kachagua kitu kidogo cha kufanya kila siku, glasi ya maji na chakula cha mchana, tunda, kukimbia kidogo kabla ya chakula cha jioni, wakachapisha mwaka 2010. Mtu wa katikati alizoea baada ya siku 66. Wa haraka 18, na wa polepole kabisa walimkadiria 254. Kati ya 18 na 254 wewe uko wapi? Mimi sijui, admin pia hajui. Na hao watu walipokosa siku moja, mazoea yao hayakuharibika kitu cha kuonekana, waliendelea tu. Hakuna aliyeambiwa anywe glasi mbili kesho kulipa deni.

Hapo kwenye deni ndo mimi nilisimama. Nina wasiwasi kwamba kinachokukesha mpaka saa saba si elfu ya leo, ni ya jana. Sasa hebu jiulize, kama wangeiondoa hiyo sheria moja tu na elfu ikabaki vilevile, ungekuwa umeniandikia barua hii? Inawezekana bado ungeniandikia. Lakini ni vizuri ujue unakimbia nini.

Kitu kingine cha wale wa London, kila mmoja aliambiwa akifunge kile kitendo chake kwenye jambo la kila siku, kama baada ya kifungua kinywa, kila siku palepale. Wewe umekifunga kwenye saa, saa tatu na nusu, na saa yako wewe iko mikononi mwa matrela. Kuna nini kwenye siku yako ambacho hutokea foleni iwe ndefu au fupi? Labda chai ya asubuhi kabla kompyuta haijawaka, labda zile dakika baada ya kumfikisha huyu wa nasari. Labda hakuna, siishi kwako. Itafute wiki nzima bila kuandika neno, uangalie tu.

Sasa elfu yenyewe. Umewahi kumuuliza admin aliitoa wapi? Watu wanaambiana hizi namba kama vile zimetoka mbinguni. Huko Marekani kulianza 1999 shindano la kuandika maneno 50,000 ndani ya mwezi mmoja, baadaye likawekwa mwezi wa kumi na moja mpaka wenye kuliendesha walipofunga 2025, ukigawa ni kama 1,667 kwa siku, lakini ulikuwa mwezi mmoja tu, mtu alijitayarisha, akawaambia watu wa kwake mnivumilie, ukiisha akapumzika. Graham Greene, Mwingereza aliyeandika riwaya nyingi sana, alikuwa anahesabu maneno mia tano kwa siku, yakifika anaacha. Na kuna yule Anthony Trollope wa karne ya 19 ambaye wapenda nidhamu wote wanamtaja, mfanyakazi wa posta, alikuwa anaweka saa mbele yake na kujidai maneno 250 kila robo saa kabla ya kwenda kazini, na riwaya zake zimefika 47. Wakikuhadithia hiyo wanaruka sehemu moja, kwamba alikuwa na mtumishi anayelipwa pesa ya ziada kumwamsha na kumletea kahawa ili saa kumi na moja na nusu alfajiri awe mezani. Wewe kwako ukiamka saa hiyo ni nani anawasha sigiri? Simlaumu mzee wa watu, alifanya kazi. Nasema tu kwamba lengo lake lilitoka kwenye nyumba yake.

Ndo maana hata yule mama wa watatu kwa grupu usimtumie kujichapa. Unamjua? Unajua kama ana dada wa kazi, ama anaishi na mama yake, ama naye taniboi wake anakunywa chai mara mbili? Skrinshoti inaonyesha namba, haionyeshi jikoni.

Tuseme unabaki na elfu. Sikudharau ukichagua hivyo, kwa sababu grupu imekupa kitu: umejifunza kufungua laptopu hata ukiwa hautaki, kuna watu miaka kumi hawajafika hapo. Hatari yake umeshaiandika wewe mwenyewe, unajaza, na mtu akijaza muda mrefu anaanza kuamini kwamba hajui kuandika kumbe amechoka tu. Ukitaka kupunguza, hesabu ni hii: maneno mia mbili siku tano za wiki, kwa wiki hamsini, ni elfu hamsini, na hicho ni kitabu, kidogo lakini kitabu. Inavutia eh? Lakini nayo ina mtego. Mia mbili ni kidogo kiasi kwamba mtu anasema ah nitafanya kesho, na kesho hivyohivyo, unashtukia mwezi umekwisha. Wengine wanaacha maneno wanahesabu dakika, ishirini tu, chochote kitakachotoka, hiyo inakuondolea kujaza, ila dakika ishirini zinaweza kuisha unaangalia status za watu. Na kwa mtu wa shifti kama wewe, kuna wanaoweka lengo la wiki badala ya siku, foleni ikiwa mbaya Jumanne unajua Alhamisi ipo. Hatari yake ni Jumamosi usiku kubeba wiki nzima, na hapo tumerudi kwenye deni. Unaona hakuna njia safi. Ungeniuliza ipi inakufaa ningesema jaribu moja kwa muda wa kutosha kuona inakufanya nini, si kwa hesabu tu, kwa wewe na kwa watoto ikifika saa tatu.

Sasa nije kwa kile ulichosema haujui kama kina maana. Mama, barua yako yote niliisoma kama shangazi, lakini nilipofika kwa yule dereva, mke wangu anajua niko barabarani lakini hajui ni barabara gani, niliweka simu chini nikakaa. Umeniambia kuhusu mawingu na barabara nikasahau, huyu mtu sijamsahau. Na uliandika ukiwa kazini, umesimama pengine, kwa kalamu ya ofisi, haujaketi kulipa mtu. Halafu unaniambia hizo si za kuhesabu! Nani alisema? Grupu ilisema inataka skrinshoti, hilo ni la grupu. Lakini wewe ndani yako uliamua lini kwamba kinachoandikwa kwa mkono nyuma ya kijitabu si kuandika? Inawezekana mazoea ya kuandika unayoyatafuta saa tatu na nusu usiku unayo tayari saa nane mchana, ila hauyatambui kwa sababu hayana namba. Inawezekana pia nakosea, maana kukusanya maneno ya watu ni kitu kimoja na kuyajenga yawe hadithi ni kitu kingine, na hiyo ya pili inataka kukaa. Lakini kama usiku ungefungua laptopu ukiwa na huyo dereva mkononi, badala ya ukurasa mweupe, sijui kama angehitaji kunawa uso.

Kuhusu kupumzika kabisa. Unasema ukiacha hautarudi, unajijua. Mimi naona hamu hii ya kuandika imekaa na wewe tangu shule, imevuka kazi, ndoa, mimba mbili, haijaondoka. Huyo unayesema unamjua ni yupi basi? Lakini sitakudanganya, nawajua wanawake waliosema watoto wakue kwanza, watoto wakakua, wakaja wajukuu. Kupumzika kukiwa na tarehe ya kurudi, na mtu mmoja aliyeambiwa hiyo tarehe, ni tofauti na kuacha usiku mmoja kwa hasira baada ya maneno ya mlangoni.

Rafiki yako. Umesema ataona umemwaibisha, lakini haujasema kama umemwambia chochote. Anajua kuhusu shifti? Anajua kuhusu yaka? Labda anaona skrinshoti zako anadhani uko sawa kabisa, kama wewe unavyomdhania yeye. Ukimpigia, pembeni si kwa grupu, anaweza kukasirika kweli, watu wanaosukuma wenzao huwa wanachukulia vibaya mmoja akisimama. Au anaweza kupumua na kukuambia yake. Kampala kuna FEMRITE, chama cha wanawake waandishi kilichoanza miaka ya tisini, na moja ya kazi zao ni kukaa pamoja kusoma kurasa za wenzao na kuzijadili. Kutoka Malaba ni zaidi ya kilomita mia mbili na wewe una shifti, sikutumi huko, halafu kule Kiingereza ndo kingi. Nimewaza tu kwamba wewe na huyo rafiki mnaweza kusomeana ukurasa mmoja kwa sauti ya WhatsApp mara moja kwa wiki, na hesabu mkaiacha ama msiiache. Ukurasa wa kujaza haukubali kusomwa kwa sauti, utajicheka kabla haujamaliza.

Mume wako sasa. Huyu ndo aliyeninyima usingizi kidogo, maana ni huyuhuyu aliyekwenda kutafuta laptopu. Ukipanga malalamiko yake, yaka ni ya saa, watoto ni ya saa, hayo mawili hayajagusa kuandika kwenyewe. La pesa ndo limekuuma na ndo alilisema usiku, amesimama, pengine ameamka kwa ajili ya taa. Sijui anamaanisha kiasi gani. Wewe unajua? Inawezekana ana haki kuhusu watoto na hana haki kuhusu pesa, mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili kwa sentensi moja, na wewe ukikasirikia moja unakosa kusikia lingine. Huo ukali wa saa tatu, ni kweli? Swali hilo unijibu kimoyomoyo tu.

Kuna watakaokuambia nunua yuniti zako za yaka umalize maneno. Inaweza kutuliza, au inaweza kuanzisha hesabu ya nani analipa nini kwa nyumba, na hiyo huwa haiishi. Mimi ningetaka kujua kwanza kama amewahi kusoma hata ukurasa mmoja. Kuna hatari, anaweza kucheka, ama akaona mwanamke wa chakula mpakani akauliza huyu ni nani na huyo taniboi ni nani kwako! Lakini kwa sasa anachokiona yeye ni taa na mgongo wako. Zungumzeni mchana, siku ambayo hauna deni, na ukianza na yale maneno ya mlangoni mwambie tu kwamba yaliuma kabla haujaanza kujitetea.

La mwisho ni la kazi. Hicho kijitabu ni cha ofisi na kina namba za magari ya wateja, siku bosi akikihitaji atakichukua na dereva wako ataondoka nacho. Nunua daftari lako mwenyewe, dogo la kuingia mfukoni, na yale ya zamani yahamishe jioni moja. Ukiandika maneno ya dereva usiweke namba ya gari wala mzigo aliobeba wala jina, hata kama ni kwa ajili yako tu, maana madaftari huwa yanapotea na Malaba ni ndogo.